Fuko na Alama za Uzoefu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa wapi?

Kivukoni kwa Kiboko.

Ulikuwepo?

Nilikuwepo, na mdomo wangu haujafungika mpaka leo.

Basi tulieni. Upande huu wa mto ardhi ilikauka, minyoo ikaisha, watoto wa Fuko wakawa wanalala njaa. Ng'ambo udongo ulikuwa mbichi, na walitakiwa mafundi wa kuchimba visima. Ila huvuki bila viza, viza hutolewa kwa alama za uzoefu, na mwenye kuitoa ni Kiboko. Kiboko huyo alikula nyasi za huku, akala na za kule, wala hakutaka mgeni aguse hata jani.

Fuko akaomba viza ya ufundi.

"Umechimba miaka mingapi?" Kiboko akamuuliza.

"Tangu niote kucha, mzee."

"Nani alikuona?"

"Nachimba chini ya ardhi, mzee. Nani ataniona?"

"Basi uzoefu, alama sufuri. Viza hakuna. Anayefuata."

Fuko akapigwa na butwaa. Maisha yote kuchimba, eti sufuri? Akakaa, akasimama, akakaa tena. Kisha hasira zikampanda, akaenda kukata rufaa kwa hakimu Twiga.

Twiga akaja kivukoni kusikiliza. Kiboko akasimama katikati ya uwanja, akaanza kujieleza, na kwa maneno hana mwenzake. Fuko akainama kwa adabu, akazama ardhini polepole. Hakuna aliyemwona.

Kiboko juu: "Huyu hajui kazi." Fuko chini: chaku, chaku, chaku.

Kiboko juu: "Huyu hata jembe hana." Fuko chini: chaku, chaku, chaku.

Kiboko juu: "Huyu..."

Puu! Kiboko hayupo. Vumbi tupu.

Twiga akainamisha shingo, macho yamemtoka. "Bwana Kiboko, ardhi imeshindwa na unene wako?"

"Unene wangu?" Kiboko akafoka kutoka shimoni. "Hakimu, usinivunjie heshima. Hili limechimbwa. Tazama kuta zilivyonyooka. Hii ni kazi ya fundi wa miaka na miaka..."

Maneno yake mwenyewe yalimshtua kuliko kuanguka.

Fuko akachomoza pua pembeni, akajipangusa mchanga. "Hakimu, shahidi wangu ndiye huyo."

Twiga aliduwaa, hata akasahau kutafuna. Kisha akampa Fuko alama zote. Fuko akamwita mkewe, wakawabeba watoto, wakashika njia ya kuvuka.

"We Fuko, nitoe kwanza," Kiboko akalia.

Fuko akageuka. "Nikutoe, mzee? Mimi uzoefu wangu ni wa kuchimba. Wa kutoa, alama sufuri."

Hadithi imevuka mto, mimi nimebaki huku. Funzo lake, wanangu: afisa akikunyima viza, mshukuru, urudi nyumbani, ukae na njaa yako kwa adabu. Rufaa ni utovu wa heshima. Mbona mnanikodolea macho? Ndivyo anavyosema Kiboko, na bado yumo shimoni.