Sindano na Ngurumo

Sindano na ngurumo hazilali meza moja. Neno hilo mmelisikia leo kwangu, wajukuu, na mnataka kujua lilikozaliwa. Lilizaliwa sebuleni humu, wiki ya harusi ya mama yenu Salha, na kabla yake ulikuwepo uvumi: mtaani walisema spika kubwa za umeme hula santuri. Nilijiambia ni maneno ya watu tu, lakini hayakunitoka.

Kwetu mwali hatoki nyumbani kabla ya kusikia sauti ya baba yake. Babu yenu alikuwa amekwisha kufa. Sauti yake ilibaki katika santuri moja aliyoimba na bendi, basi.

Mjomba wenu Shomari akaenda dukani kuchagua spika za gramafoni, zile zenye nguvu ya umeme ndani yake. Muuzaji alimwonyesha ndogo na kubwa. Akarudi na kubwa, kama masanduku ya bati, akazipanga juu ya kabati la vyombo, gramafoni katikati, kitambaa cha kufuma chini, maana kwetu kitu kizuri huwekwa kabatini wageni wakione.

Nikamwomba ajaribu kwanza kwa santuri nyingine. Alinicheka, lakini akatii. Ngoma ilipoingia, kabati zima likatetemeka, vikombe vikalia, sindano ikaruka na kuikwaruza ile santuri.

Nikaikumbatia ya babu yenu. "Hii huigusi, Shomari."

"Mama, harusi bila mshindo? Watasema tumeweka matanga."

"Waseme. Wanakuja kumsikia baba yako au kutazama kabati?"

Salha akasema kutoka chumbani, "Kaka, mimi natoka na baba. Sitoki na tetemeko."

Shomari akazirudisha dukani, akaleta ndogo. Hata hizo alitaka kuzipandisha kabatini. Ndipo nikamwambia sindano na ngurumo hazilali meza moja, tukaziweka kwenye vigoda, mbali kidogo. Siku ya harusi babu yenu aliimba wazi, hata pumzi yake ilisikika, na mama yenu akatoka akitabasamu na machozi yake. Majirani wakalichukua neno.

Kwa hiyo epukeni haya: kuchagua spika kwa ukubwa, kuziweka pamoja na gramafoni, kujaribu kitu kipya kwa santuri ambayo hamna nyingine, na kumlaza mtoto mpole chumba kimoja na mgomvi, mkisema watazoeana. Sindano na ngurumo hazilali meza moja.