Pumba za Margwe

Huko kwenye milima ya Mbulu aliishi mtu mmoja, Margwe, naye alikuwa na punda dume asiyekubali kubeba hata debe tupu. Ukimsogelea na gunia, anapiga teke. Ukimshika kamba, anang'ata. Margwe alimchapa fimbo mpaka fimbo ikavunjika, akakata nyingine. Watu walipomuuliza habari za punda wake, alijibu kwa msemo tunaoujua wote: asante ya punda ni mateke. Na mbwa wa nyumba hiyo naye, akisikia tu Margwe anakohoa, alikuwa anajificha uvunguni mwa ghala. Hilo Margwe hakulifikiria.

Mwishowe alichoka. Akamvusha punda ng'ambo ya korongo, kwa mdogo wake Boay. "Kaa na huyu, nisije nikamuua bure," alimwambia. Hakumpa, alimkabidhi tu. Kwa desturi ya kwao, mnyama wa kukabidhiwa huweza kukaa kwa mtu hata miaka, na mwenyewe akimtaka siku yoyote hurudishwa bila ubishi.

Boay hakukata fimbo. Alikuwa na mfuko wa pumba za mahindi, na alikuwa na subira. Punda alipopiga mateke, Boay alimgeuzia mgongo akangoja. Punda alipotuliza miguu, hapo hapo alipata pumba kiganjani na neno jema. Alianza na gunia tupu, baadaye gunia la majani, baadaye la mahindi. Majirani walimcheka, wakasema Boay kaoa punda. Mvua zikaja zikapita, naye akaendelea vilevile, bila haraka wala kelele.

Mama yao alikuwa akiishi kwa Boay, maana Boay ndiye kitinda mimba. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Njia ya korongo lile ni nyembamba, inateremka na kupanda, pikipiki haipiti wala watu hawawezi kumbeba mgonjwa wakiwa sambamba, kwa hiyo mama alikuwa hajavuka muda mrefu. Jumapili moja Margwe alisimama mlangoni pake akamwona mama yake anakuja kanisani juu ya mgongo wa punda, kavaa kanga mpya, anacheka. Boay alikuwa mbele, kamba imelegea mkononi.

Margwe aliwasalimu vizuri, kisha akaingia ndani. Aliona gere. Hakumtamani punda, tabia zake alizijua. Alichokitamani ni kile kicheko. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, yeye ndiye aliyepeleka unga mwaka wa njaa, na hakukumbuka mama kumchekea namna ile hata siku moja. "Yule punda ni wangu," aliiambia roho yake, nayo ikatulia kidogo. Jumapili iliyofuata ikamuuma tena, akaiambia, "Mama alikuwa wangu kabla hajawa wake." Ikatulia. Ikawa sasa inamuuma hata siku za kazi, hata akiwa mezani anakula, naye hakukosa neno la kuipa.

Basi binti yake, Paskalina, akachumbiwa, na siku ya harusi ikapangwa. Katika ukoo wao bibi ndiye humpaka bi harusi samli utosini, kabla hajatoka mlangoni kwa baba yake. Baraka yote ya binti ilikuwa mkononi mwa mama. Margwe alifikiria ua wake umejaa wageni, mama anafika, watu wanapiga vigelegele, na aliyeshika kamba ni Boay. Hilo hakuweza kulimeza.

Akavuka korongo. "Nimemfuata punda wangu," alisema.

Boay alimfungua punda bila ubishi. Alitaka kusema jambo moja tu. "Kaka, ukimpa pumba, kwanza utazame miguu yake..."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi punda wangu?" Margwe alimkatisha, akaondoka. Alikuwa amechungulia mara nyingi kutoka ng'ambo, na kutoka ng'ambo alikuwa ameona mkono wa Boay ukienda mdomoni mwa punda. Aliamini siri yote ni pumba.

Tusimsingizie Margwe: nyumbani hakugusa fimbo. Punda aliposimama kimya, alimwacha akaenda na shughuli zake. Punda alipoinua mguu, alishtuka, akakimbilia mfuko, akamlisha na kumbembeleza. Sisi humtukana punda kwamba ni mjinga, lakini huyu alielewa upesi. Kusimama vizuri hakuna faida, mguu ukipanda chakula kinakuja. Kadiri mateke yalivyozidi, Margwe alishona mfuko mkubwa zaidi.

Siku ya harusi alimpiga punda brashi, akamfunga kitambaa chekundu shingoni, akamvusha hadi uani kwa Boay. Mama alikuwa tayari, kibuyu cha samli mapajani. Wakamsimamisha juu ya kigoda apande. Punda akamtazama Margwe, akainua mguu. Margwe akamtia pumba mdomoni. Punda akatafuna, akarusha teke, kigoda kikaruka, na Boay akamdaka mama kabla hajafika chini. Margwe jasho likamtoka. Akachota pumba kwa mikono yote miwili. "Tulia, baba, kula, tulia!" Punda alikula zote, akarusha teke jingine kubwa kuliko la kwanza.

Mama alimtazama mwanawe bila hasira. "Mwanangu, huyu hajakukaidi," alisema. "Anakutii. Anafanya kile unachomlipa akifanye."

Boay akanyoosha mkono apewe kamba. Kamba ikiwa mkononi mwake punda angetulia, mama angevuka, na binti angepakwa samli. Margwe aliliona hilo wazi kabisa. Aliona pia ua uliojaa watu, na mdogo wake akiingia mbele ya wote. Roho ikamuuma kuliko siku zote, na kwa mazoea akaitafutia neno.

"Punda ni wangu," alisema, akaizungusha kamba kwenye ngumi yake.

Boay akaushusha mkono. Paskalina alitoka mlangoni kwa baba yake jioni ile utosi mkavu, na gari la kwa mumewe likaondoka naye. Mama alibaki ng'ambo, samli ikiganda kwa baridi ndani ya kibuyu.

Ninyi mnaonisikiliza, mchekeni Margwe mpendavyo. Ila wivu ulio nyumbani kwako unapoinua mguu, wewe huutia nini mdomoni?