Mkuyu Aliyeshtakiwa kwa Kunywa Mto

Paukwa!

Mbona kimya? Paukwa, nasema! Mmeziba midomo, mnacheka nini? Alaa! Kumbe nimekalia sahani ya viazi ya mama mwenye nyumba! Niwie radhi, dada yangu. Nimelala mahemani kwa wafuga ngamia, nimelala bandarini juu ya magunia, na kote nilifukuzwa kwa adabu. Leo nitafukuzwa na viazi matakoni. Haya, chekeni mmalize, maana mbele hamna kicheko. Paukwa!

Pakawa! Hapo sawa.

Zamani zile, miti ilipokuwa ingali ikijibu ikiulizwa, palikuwa na mto usio na maji. Msinikodolee macho, mito hiyo ipo. Mvua ikinyesha milimani hufurika, hupiga kelele, kisha hubaki mchanga mtupu, mweupe kama unga. Ukingoni alisimama Mkuyu mnene, kijani masika, kijani kiangazi. Chini yake wanawake walifukua shimo mchangani, na kila alfajiri walikuta maji kidogo yamejikusanya. Desturi yao ilikuwa hii: anayechota, kata ya kwanza humwagia Mkuyu mizizini. "Mpe mwenyeji kwanza," waliambizana. Waliamini hiyo ndiyo riziki yake.

Ukaja ukame. Wakafa ng'ombe, wakafa mbuzi, wakaanza kufa watu. Syombua, mjane, alikuwa amekwisha kuzika wana wawili. Alibaki na Mumo, mgongoni, midomo imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.

Alfajiri moja Syombua alichota kata yake, akaitazama, akamtazama mwanawe. Hakummwagia Mkuyu. Kesho yake hakummwagia. Kesho kutwa hakummwagia. Na Mkuyu hakunyauka hata jani.

"Ehee!" Syombua akasema. "Kumbe hutegemei kata zetu! Basi unakunywa wapi?"

"Chini," Mkuyu akajibu.

"Chini wapi?"

"Chini, chini, chini. Mto wenu ni mpita njia, husalimia akaenda zake. Mimi nanywa maji yaliyolala huko kabla nyanya yako hajazaliwa."

"Mwongo! Unaunywa mto wetu, ndiyo maana umekauka!"

Nyani, aliyekuwa juu akitafuna kuyu, akaangua kicheko. "Mama Mumo, hayo ya shimoni unadhani yanatoka wapi? Usiku kucha huyu anavuta maji kutoka chini, yanamchuruzika mizizini, asubuhi mnachota. Umeona wapi ng'ombe wa kukamuliwa akaitwa mwizi wa maziwa?"

"Nyamaza wewe, makalio sugu!"

"Sugu ni yangu, mama. Kiu ni yako."

Neno lile lilimchoma. Syombua akaenda moja kwa moja kwa mzee Kilungya, mwamuzi wa kijiji. "Mzee wangu, Mkuyu nimemnyima maji, na hanyauki. Mto wetu umo tumboni mwake."

Kilungya, ambaye ulimi wake ulikuwa umevimba kwa kiu, hakuuliza mara mbili. "Basi apasuliwe, autapike."

Watu wakabeba mashoka, nyuma yao wengine wakabeba vibuyu na mitungi. Pigo la kwanza akapewa mwenye mashtaka. Syombua akamfunga Mumo vizuri mgongoni, akainua shoka.

"Syombua," Mkuyu akasema, "unakata mkono unaokunywesha."

Kwaa!

"Syombua, chini ni mbali. Peke yako hufiki."

Kwaa!

"Syombua, una mtoto mgongoni."

Kwaa! Wanaume wakampokea shoka, na jua lilipofika utosini Mkuyu alianguka, ukingo wote ukatetemeka. Watu wakakimbilia na vibuyu. Mto haukutoka. Yalitoka maziwa meupe, machache, ya kunata. Wakayalamba hivyo hivyo, midomo ikagandana. Mumo naye akalambishwa. Alitaka kulia, akashindwa kufunua mdomo.

Kesho yake shimo lilikuwa na mchanga wenye unyevu. Kesho kutwa mchanga baridi. Siku iliyofuata mchanga mkavu. Wanaume wakachimba mpaka wakazama wote, hawaonekani hata vichwa; mchanga ukawaporomokea, wakatolewa wakikohoa vumbi. Hapo Kilungya akatazama chini, akaokota fimbo yake, akaondoka bila kuaga. Kijiji kikamfuata.

Syombua hakuweza kuwafuata. Mumo alikuwa akivuta pumzi, anakaa, unadhani basi, halafu anavuta nyingine. Mama akabaki kwenye shimo lile, anafukua kwa kucha, kucha zinang'oka, anafukua. Nyani alikuwa ameketi kwenye kisiki, hana tena tawi la kupanda.

Ngano yangu haina mguu wa kwenda mbele zaidi. Inawaacha hawa wawili hapo mchangani, na mimi nawaachieni maneno yao kama yalivyosemwa.

"Bwana Nyani," Syombua akasema, amepiga magoti, "nakuomba, baba. Nilikutukana, nisamehe. Nionyeshe maji yako wapi. Mwanangu anakufa."

Nyani hakucheka.

"Yako kulekule chini, mama. Aliyekuwa akiyapandisha umemkata. Shimo hilo lifanye kaburi."