Mstari wa Nne wa Fundi Singano

Hadithi hii nililetewa na mtu, naye aliletewa na mtu. Naipitisha kwako kwa sababu, kusema kweli, ilinichoma. Kama haikuhusu, mshukuru Mungu, kisha umpelekee inayemhusu.

Palikuwa na fundi wa kompyuta katika mji mdogo wa milimani, jina lake Singano. Kibanda chake kilitazamana na stendi, na kazi yake kubwa ilikuwa kufufua laptopu kuukuu. Mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa, yeye alizipakia mfumo huria, ule wa bure ulioandikwa na watu wa mbali wakauacha wazi kwa yeyote anayeutaka. Mashine iliyokuwa inakohoa ikaanza kwenda mbio.

Tatizo lilibaki moja. Nyingi ya laptopu hizo za zamani, zikishapakiwa mfumo huo, hazikamati waifai. Alama yenyewe ya mtandao haionekani kabisa.

Singano aliijua dawa. Zamani alihangaika nayo wiki nzima, usingizi ukampaa, mpaka akakuta ukurasa mtandaoni ambapo mtu asiyemjua alikuwa ameeleza kila kitu. Unachomeka simu kwenye laptopu kwa waya wake wa kuchajia, laptopu inaazima intaneti ya simu, kisha unaandika mistari minne ya amri. Mitatu ya kwanza inawasha waifai. Wa nne unaifanya idumu hata mfumo ukijisasisha. Chini ya ukurasa yule mtu aliandika, "Nilisaidiwa, nami nasaidia. Wape na wengine."

Singano hakuwapa wengine. Kazi ya dakika tano aliiita kazi ya siku mbili. Alipoziandika zile amri aliigeuza skrini ikatazama ukuta, na mteja akijaribu kuchungulia humwambia, "Siri ya mtungi aijuaye kata, ndugu yangu."

Na ule mstari wa nne hakuuandika kamwe, kwenye mashine ya mtu yeyote. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu minne mfumo ulijisasisha, waifai ikazima, na mtu akarudi kibandani kubembeleza.

Usidhani ilikuwa tamaa ya pesa. Mara nyingi waliorudi hakuwatoza chochote. Alichokipenda ni kutafutwa. Alipenda katekista amsubiri kwenye benchi, bwana afya amwite mkuu, na simu iite katikati ya chakula ili aseme, "Mnaona? Hawawezi bila mimi." Watu wa namna hiyo wapo, na wewe mmoja unamjua.

Mkewe alikuwa amefariki na kumwachia binti mmoja, Mwantumu. Kila akitoka shule binti alipita kibandani kufagia, na huku anafagia, anaona. Siku moja Singano alirudi kutoka msikitini akamkuta ameinamia laptopu pamoja na Mama Sauda, mshonaji wa kibanda cha pili.

"Hapa unaandika hivi, mama," Mwantumu alikuwa akisema. "Na huu wa mwisho usiusahau, ndio unaoshikilia."

Singano akaifunika ile laptopu kwa kishindo. Alingoja Mama Sauda aende zake, kisha akamkalisha binti kwenye kiti cha wateja.

"Unataka kunivua nguo mbele za watu?"

"Hapana, baba. Alikuwa na shida tu."

"Mtu akishajua, hakuhitaji tena. Niapie. Kwa mama yako aliye kaburini, niapie kwamba hutamwonyesha mtu, na hutasema kwamba unajua."

Mwantumu alilia, lakini aliapa. Alikuwa mtoto msikivu, na jina la mama yake halikuwa jina la kuchezea.

Alipofika kidato cha nne, shirika moja lilitangaza nafasi za kuwasomesha wasichana sayansi mpaka chuo kikuu, gharama zote juu yao. Shule ya Mwantumu, iliyoko juu mlimani, ilichagua wasichana sita. Mwantumu alikuwa wa kwanza. Alimpelekea baba yake fomu aisaini, naye Singano akaisaini huku simu iko sikioni, akimweleza mtu kwamba waifai yake ni kesi ngumu. "Hongera, mwanangu," alisema, na tarehe ya mwisho hakuisoma.

Tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Perpetua, alikuwa ameziweka fomu zote sita kwenye laptopu kuukuu ya shule, moja ya zile za Singano. Alhamisi mfumo ulijisasisha. Ijumaa asubuhi akafungua mashine, waifai hakuna.

Singano siku hiyo alikuwa mji mwingine, harusini kwa mpwa wake. Simu ilipoita aliwaonyesha wakwe skrini, akacheka. "Hata kwenye pilau hawaniachi." Kisha akapokea.

"Fundi, waifai imezima tena, na leo saa kumi ndiyo..."

"Mwalimu, niko harusini. Kesho asubuhi nipo hapo."

"Nisikilize kwanza, fundi, hizi ni fomu za..."

"Kesho, Mwalimu."

Akakata. Simu iliita mara nane nyingine. Hakuizima. Aliiacha mezani iite, wageni waone jinsi anavyotafutwa.

Jumamosi alipanda mlima kwa madaha, bado amevaa kanzu ya harusi. Ofisini alimkuta Mwalimu Perpetua, na wasichana sita wamekaa kwenye benchi ukutani, binti yake akiwa mwishoni, karibu na dirisha. Aliwasalimu kwa mzaha na hakuna aliyecheka.

Aliuchukua waya wa kuchajia uliokuwa mezani, akachomeka simu yake, akaandika mistari mitatu. Mkono ulienda kuigeuza skrini kwa mazoea, lakini upande wa ukuta ndipo walipokaa wasichana. Baada ya dakika chache alama ya waifai ikatokea.

"Haya, imekwisha," alisema.

Mwalimu Perpetua aliutazama ule waya. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mwalimu. Ila inataka ujuzi."

"Waya huu ulikuwa hapa jana tangu asubuhi. Mchana nilimtuma mwalimu wa hesabu akaibeba mashine hii kwa bodaboda mpaka mjini. Kibanda chako kina kufuli. Fundi mwingine akasema mashine za Singano haziwezi, zina mambo yake. Alipata mtu wa kumhamishia fomu kwenye kompyuta nyingine saa kumi imeshapita, na shirika limefunga. Nimewapigia, nimewalilia. Wamesema mwaka huu basi."

"Wamefunga nini?"

Mwalimu alimfungulia fomu ya kwanza. Jina la Mwantumu lilikuwa juu, na saini ya Singano chini. Alishika meza. Kisha hasira ikampanda, kwa sababu mwenye kosa hutafuta kwanza wa kumtupia.

"Mwantumu! Kazi hii si unaijua? Ulikuwa wapi jana?"

"Alikuwa hapo hapo alipokaa," Mwalimu Perpetua alisema polepole. "Nilimwuliza mara tatu. 'Wewe ni mtoto wa fundi, hujui lolote?' Akasema hajui. Alikuwa anatetemeka, nikadhani ana homa."

Wasichana watano waligeuka wakamtazama mwenzao.

Mwantumu hakuinua sauti. "Uliniapisha, baba. Kwa mama."

Kuna makosa ambayo mtu akiyatenda anaweza kuomba msamaha, na hili Singano hakujua hata aanze kwa nani. Aliirudia ile laptopu, akaielekeza kwa wasichana, akaandika mstari wa nne, akiusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, ili kila mmoja aunakili.

Hakuna aliyeinua kalamu. Walisimama mmoja mmoja wakatoka, na wale watano hawakumsubiri Mwantumu mlangoni.

Laptopu ile ya shule, wanasema, haijapoteza waifai tena mpaka leo.

Funzo: Ukiwaficha watu maarifa uliyopewa bure ili wakutafute, siku watakayokuhitaji kweli hawatakupata, na yule uliyemfunga mdomo anaweza kuwa mwanao.