Muhtasari wa Kikao cha Kisima

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi wanyama walipokuwa na ofisi, mihuri na chai ya saa nne, baraza lao lilitunga sheria tamu: kila mnyama ana haki ya kusoma kumbukumbu za baraza. Sheria ikabandikwa mlangoni. Mlango ukatiwa kufuli.

Pimbi, mama wa watoto watano, aliisoma akafurahi, maskini. Kiangazi kilikuwa kikali, na Tembo, mwenyekiti wa baraza, alikuwa amekizungushia uzio kisima cha wote. "Kikao ndicho kilichonipa," alisema mwaka mzima bila kuitisha kikao kingine, hata akauamini uongo wake mwenyewe. Wana wa Pimbi walikuwa wakilamba umande.

"Hodi! Shikamoo, Katibu. Naomba kuona muhtasari wa kikao kile cha kisima."

"Marahaba," akajibu Kiboko huku akipiga miayo. "Jaza fomu."

"Fomu ziko wapi?"

"Zimekwisha."

Akarudi kesho, keshokutwa na mtondo. Mara faili limeliwa na mchwa, mara ni siri, mara Katibu yuko msibani. Pimbi alilia njiani kwa hasira, kisha akafuta machozi.

"Haya. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Akamwendea Tembo. "Mheshimiwa, wanyama tunataka kukupongeza! Itisha kikao. Wali wa nazi tutapika sisi."

Tembo akapiga masikio, pa! pa! "Nilikuwa nikijiuliza mbona mmechelewa."

Siku ikafika. Sufuria zikachemka, harufu ikatanda, matumbo yakanguruma, nguru! nguru! Tembo akainuka kufungua kikao.

"Taarifa, Mwenyekiti!" Pimbi akanyoosha kidole. "Utaratibu ni utaratibu. Hatuanzi mpaka usomwe muhtasari wa kikao kilichopita, tuuthibitishe."

"Soma upesi, Kiboko, wali unapoa!" akanguruma Tembo.

Kiboko akalichomoa faili chini ya makalio yake, zima kabisa, halina jino la mchwa. Akasoma mbiombio, macho kwenye sufuria: "Ajenda ya tatu, kisima. Mwenyekiti azungushie uzio mwezi mmoja tu, kwa matengenezo. Kisha uondolewe, kila mnyama anywe. Mnathibitisha?"

"Tunathibitishaaa!" wakaitikia wote, Tembo akiwashinda kwa sauti. Akagonga muhuri, ta!

Swala akaanza kuhesabu miezi kwa kwato.

"Mwezi mmoja?" akauliza Swala.

"Eh! Ngojeni!" Tembo akababaika. "Hiyo ni siri ya ofisi!"

"Ilikuwa siri, Mheshimiwa," akasema Pimbi kwa adabu. "Sasa umeithibitisha. Tuingie kwenye yatokanayo na muhtasari."

Wali uliachwa ukapoa. Wanyama waliung'oa uzio, kwa! kwa! kwa!, na watoto watano wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Basi shikeni hili, wanangu: anayekuficha karatasi ndiye anayekunyima maji.