Kunguru Aliyekataa Kulia

Paukwa!

Pakawa!

Mbingu ipo?

Ipo.

Ina ukuta?

Haina ukuta.

Basi mpaka wake analinda nani?

Tuambie, tusikie.

Hapo kale, zamani za kale, ndege walipokuwa na nchi zao na wafalme wao, palikuwa na majirani wawili. Upande huu Mivuleni, nchi ya kunguru. Upande ule Jabalini, nchi ya vipanga. Katikati ulipita mto mwembamba, na mto huo ndio uliokuwa mpaka.

Mpaka wa chini haukuwa na taabu, maana maji kila mtu anayaona. Taabu ilikuwa mpaka wa juu. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakala, wakashiba, kisha wakakubaliana kwamba anga la kila nchi liishie pale mto ulipo, kwenda juu mpaka juu kunakokwisha. Wakaapa, wakaagana kwa furaha. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama upepo nao umekula kiapo.

Kunguru wakatunga sheria yao. Mgeni akivuka mara ya kwanza, mlinzi amtazame. Akivuka mara ya pili, mlinzi apeleke habari kwa Jumbe. Akivuka mara ya tatu, mlinzi alie ukelele wa vita. Na ukelele huo ukishalia, wote wanaruka, wote wanapiga, hakuna wa kuuliza kisa. Mnawajua kunguru. Mpaka leo mmoja akilia wote wanalia, na nusu yao hawajui wanalilia nini. Lakini sheria ilikuwa na upande wa pili: mlinzi asipolia, hakuna kunguru mwenye ruhusa ya kumgusa mgeni, hata awe Jumbe mwenyewe.

Mlinzi wa mpakani aliitwa Siwatu. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye jicho kali na ulimi mfupi, na kunguru mwenye ulimi mfupi ni wa kutafuta kwa tochi. Kiota chake kilikuwa kwenye mvule wa mwisho kabisa, matawi yake yanainamia mto. Ndani yake mlikuwa na makinda watatu, wekundu, hata manyoya hawajaota. Vita vikianza vitaanzia juu ya vichwa vyao. Siwatu alilijua hilo, akalilia rohoni bila kumwambia mtu.

Ikaingia kaskazi. Jua likawaka, mawe ya Jabalini yakawa kama kikaango. Siku moja Siwatu akamwona kipanga mkubwa anapaa kutoka kule. Alikuwa Mwinyi Kombo, mpwa wa mfalme wa vipanga. Akazunguka, akazunguka, akapanda, mabawa ameyanyoosha, hayatikisiki. Akazunguka, akazunguka, akavuka mto, akawa juu ya kiota cha Siwatu, kimya. Alipofika juu kabisa akateleza kurudi kwao.

Siwatu moyo ukamwenda mbio. Kunguru akiruka hupiga bawa, tena hupiga kwa kelele. Ndege asiyepiga bawa, kwa kunguru, ni ndege anayenyemelea. Tena kipanga na makinda, nani asiyejua habari yao? Lakini ilikuwa mara ya kwanza. Akamtazama, akanyamaza.

Mwinyi Kombo akaja mara ya pili. Akazunguka, akazunguka, akapanda, akavuka mto. Siwatu akaenda kwa Jumbe Mshamo kupeleka habari, akamkuta barazani na mgeni wake, Bwana Tumbusi, yule mwenye upara, anayekula mizoga. Tumbusi akasema jambo liko wazi: kipanga yule anahesabu viota, na mwenye akili hupiga kabla hajapigwa. Jioni hiyohiyo Tumbusi akavuka mto kwenda Jabalini, akawaambia vipanga kwamba kunguru wamekula njama ya kumkamata Mwinyi Kombo. Alikuwa akivuka mpaka kila siku, na hakuna aliyemhesabia kosa, maana alikuwa mgeni wa wote.

Mivuleni wakaanza kunoa midomo. Jabalini wakaanza kunoa kucha. Kila upande uliposikia mwenzake ananoa, ulinoa zaidi.

Siwatu akamwomba Jumbe ruhusa akamuulize kipanga mwenyewe anataka nini. Jumbe akamjibu kwamba mlinzi haulizi, mlinzi analia. Siwatu akainamisha kichwa, akarudi mvuleni kwake, akawafunika makinda wake.

Basi jamani, la kutokea halina kinga. Mwinyi Kombo akaja mara ya tatu. Akazunguka, akazunguka, akapanda, akavuka mto. Siwatu akafungua mdomo alie. Akawatazama wanawe. Akaufunga mdomo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kunguru aliyewahi kulifanya: akaruka peke yake, kimya, akamfuata kipanga kule juu. Mimi nawaambia, kukimbilia vita wengi wanaweza. Kwenda kumuuliza unayemwogopa, huo ndio moyo.

Alipomfikia alisema, "Hodi, Mwinyi."

"Karibu," akajibu kipanga.

Oneni maajabu. Mwenye nyumba ndiye aliyepiga hodi, na mgeni ndiye aliyekaribisha. Siwatu akamwambia kwa adabu kwamba hapo alipo ni Mivuleni. Mwinyi Kombo akatazama chini, akaona mivule, akashtuka. Akaapa kwamba alipoanza kupanda alikuwa kwao, na hajui amefikaje.

Akamweleza. Jua likichoma mawe, upepo wa moto hupanda kutoka jabalini, na vipanga huuita Ngazi. Kipanga huingia ndani yake, akanyoosha mabawa, Ngazi ikampandisha. Miaka yote Ngazi husimama wima. Mwaka huu kaskazi imekuwa kali, inaisukuma, Ngazi imeinama.

"Basi ukiona inainama, piga bawa utoke," akasema Siwatu.

Mwinyi Kombo akatazama pembeni. "Bibi, kwetu anayepiga bawa ndani ya Ngazi ni sawa na mtu mzima anayekula huku anatembea sokoni. Mjomba wangu ni mfalme. Nitaonekana nini?"

Siwatu hakucheka, ingawa angeweza. Yeye aliyezaliwa akipiga bawa, aliyepiga bawa siku zote za maisha yake, akayanyoosha mabawa yake akayatuliza, ajue kama anaambiwa kweli. Upepo ukamchukua. Ukampandisha kama jani, ukamsukuma kuelekea Mivuleni ndani. Akajua kipanga hasemi uongo, na moyo wake ukatua.

Lakini huko chini mambo yalikuwa yameharibika. Vipanga waliona kunguru amemfikia mpwa wa mfalme, wakakumbuka maneno ya Tumbusi, wakaruka wote. Kunguru waliona vipanga wameruka, wakaruka wote. Anga upande mmoja likawa jeusi, upande wa pili likawa la hudhurungi. Majeshi mawili yakaelekeana, mfalme wa vipanga juu ya mto mbele ya wake, Jumbe Mshamo juu ya mivule mbele ya wake, na katikati yao kunguru mmoja na kipanga mmoja.

Jumbe akasema, "Siwatu, lia."

Siwatu akanyamaza.

Jumbe akasema mara ya pili, "Siwatu, lia, mgeni amevuka mara ya tatu." Siwatu akanyamaza. Kunguru wote wakamtazama mdomo. Hakuna aliyewahi kusikia kunguru mia tano wakiwa kimya namna ile.

Jumbe akasema mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya kuomba.

Ndipo Siwatu alipofungua mdomo, na haukutoka ukelele. "Jumbe wangu, nitalia ukitaka. Lakini kwanza tazama chini."

Wakatazama. Kwenye mawe ya mtoni, pande zote mbili, walikuwa wameketi matumbusi. Bwana Tumbusi amekuja na mkewe, na wanawe, na wakwe zake, wamejipanga kama watu waliofika mapema karamuni.

"Wenzetu husema vita vya panzi, furaha ya kunguru," akasema Siwatu. "Tumewala panzi miaka mingi, wala hatukuwahi kuwauliza waligombania nini. Leo panzi ni sisi. Na wanangu wako kwenye mvule ule pale."

Vipanga nao wakatazama chini, wakaona mgeni wao wa jioni amekaa na ukoo wake wote. Lakini hakuna aliyerudi nyuma, kwa sababu kila upande ulingoja mwenzake aanze.

Mwinyi Kombo akamtazama Siwatu. Aliona mwanamke aliyevunja sheria ya kwao mbele ya watu wa kwao. Aliona na Ngazi inazidi kumsukuma ndani ya nchi ya watu, na hajafika juu pa kutosha kuteleza arudi. Njia ilikuwa moja tu. Akafumba macho, akapiga bawa.

Akapiga tena. Akapiga tena. Kipanga mkubwa, mpwa wa mfalme, anapigapiga mabawa kama kuku anayeruka ua, jeshi zima la kwao linamtazama. Wengine walificha nyuso zao kwa aibu. Yeye akapiga bawa mpaka akatoka ndani ya Ngazi, akauelekea mto. Siwatu akaruka ubavuni mwake, akamsindikiza mpaka mpakani, akamwambia kwaheri ya kuonana, akageuka.

Mfalme wa vipanga alikuwa mzee sana, na tangu utotoni hakuna aliyemwona akipiga bawa ndani ya upepo. Akamtazama mpwa wake. Akamtazama kunguru yule mdogo. Kisha akapiga bawa, mara moja tu, polepole, ili wote waone. Vipanga wakageuka wakarudi kwao. Jumbe Mshamo akageuza watu wake.

Bwana Tumbusi akasimama, akajikuna upara, akawaambia wanawe waende wakalale na njaa.

Siku ya pili wazee wakakaa tena, na safari hii walimwita Siwatu. Wakakubaliana kwamba kipanga akichukuliwa na upepo akavuka, apige bawa ili aonekane, na kunguru mmoja apande kumsindikiza arudi kwao. Ndiyo maana mpaka leo mnamwona kunguru anamfuata kipanga angani, na watu husema wanapigana. Hawapigani. Anamfikisha nyumbani.

Na funzo lake ndilo hili: aliyevuka mpaka wako muulize kabla hujampiga, huenda kaletwa na upepo. Nawe uliyevuka, usione haya kupiga bawa urudi. Makinda wa Siwatu waliota manyoya, wakaruka, nami ningependa kila mtoto wa mpakani aote manyoya.

Ngano yangu imetua hapo. Utamu wake gawaneni nyinyi, na mkikuta ndani yake uchungu, nirudishieni mwenyewe nikautupe mtoni.