Kwa Nini Tumbili Ana Vilio Vitatu

Enzi hizo tumbili alikuwa na kilio kimoja tu. Akiona chui, "Kha!" Akiona tai, "Kha!" Akiona chatu kajiviringisha nyasini, Kha ile ile. Na sheria ya kilio ilikuwa moja vilevile: ukisikia Kha, tema unachotafuna, panda mkuyu mpaka kileleni, utulie.

Kundi lilikaa kando ya mto, na mkuu wake alikuwa Mzee Kidevu, mtu wa haki lakini mwenye tabia ya kufungia mambo kifuani. Yeyote aliyeona kitu alitakiwa aende kwake kwanza, amnong'oneze sikioni ameona nini na wapi. Mzee husikiliza, akakuna kidevu, kisha akampa ishara mpiga mbiu, na mpiga mbiu hupiga Kha. Habari yenyewe ilibaki kichwani mwa mzee. Alisema habari zikizagaa huzaa fitina. Basi tumbili wakawa wanakimbia bila kujua wanamkimbia nani, na jioni hakuna wa kuwaambia.

Isipokuwa Bi Mashavu.

Huyu alikuwa ajuza wa kundi, na umbea kwake ulikuwa chakula. Mchana jua likikaza, tumbili wakikaa kuchambuana chawa, vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, na mwenye kuchambuliwa hufunguka. Chawa wa kwanza, kimya. Chawa wa tatu, keshasema yote aliyoyaona tangu asubuhi. Akishakusanya, Bi Mashavu huwasimulia wengine kwa kuigiza, maana umbea usio na sura ni mchuzi usio na chumvi. Chui alimwiga kwa kubweka kutoka kifuani, kama mume aliyerudi akakuta jiko limezimwa. Tai alimwiga kwa kikohozi kifupi kifupi, cha bibi mwenye maringo anayesafisha koo ili atazamwe. Chatu alimwiga kwa kugongagonga ulimi kwenye kaakaa. Watoto walicheka mpaka wakadondoka matawini, na mama zao wakacheka kwa siri.

Alikuwa na wajukuu wawili. Siku moja Kha ikapigwa, kundi zima likakimbilia kileleni kama sheria isemavyo, na huko kileleni ndiko tai alikotua. Akamchukua yule mkubwa. Akabaki Kidoti, ambaye hata tawi alikuwa hajajua kulishika vizuri.

Bi Mashavu alimwendea Mzee Kidevu, machozi hayajakauka. Akamuuliza kama alijua kwamba ni tai.

"Nilijua," mzee akasema. "Habari nililetewa mapema, mbiu ikapigwa kwa wakati. Utaratibu ulifuatwa, Bi Mashavu."

"Utaratibu ndio uliompandisha mjukuu wangu mdomoni mwa tai. Ulikuwa na habari, mzee wangu, ukatupa kelele."

Mzee hakupendezwa. Umbea wa ajuza huyu ulikuwa umemfikia siku nyingi, na alikuwa amesikia kwamba hata yeye huigwa, kukuna kidevu na yote. Kuigwa alikuwa akiigwa, tena vizuri. Akaamuru Bi Mashavu akae peke yake tawi la chini, asichambue wala asichambuliwe, mpaka mwezi uandame. Kumnyima mmbea chawa wa wenziwe ni adhabu kali kuliko fimbo.

Lakini tawi la chini lina faida yake: majani hayakuzibi, unauona mto wote na anga lake. Siku ya sita Bi Mashavu alimwona tai akija na jua mgongoni. Chini, uwanjani, Kidoti na wenziwe walikuwa wakifukua mizizi. Mlinzi wa zamu naye alikuwa ameona, tayari anakimbia kwa Mzee Kidevu. Bi Mashavu alijua yatakayofuata: sikio, kidevu, ishara, Kha, kileleni. Alijua pia kwamba kupiga mbiu bila ruhusa ni kufukuzwa, na tumbili wa peke yake hamalizi siku mbili.

Akakaza koo, akakohoa. Kile kikohozi cha maringo, kifupi kifupi, kwa pumzi zote alizobakiwa nazo.

Watoto wakainua vichwa. Kikohozi kile walikuwa wamekichekea mara ngapi! Wakatazama juu, wakamwona tai mwenyewe, na badala ya kupanda wakajitupa kichakani, miiba na yote, Kidoti wa mwisho. Mama zao wakafuata. Mpiga mbiu naye akapiga Kha yake, na waliotii wakapanda, wa kwanza kufika kileleni akiwa Mzee Kidevu, maana sheria ni yake. Tai akapita, akaondoka na konzi nzima ya manyoya ya mgongo wa mzee. Mzee angekuwa na uzito mdogo kidogo tu, angebebwa mzima mzima.

Bi Mashavu alimvuta Kidoti kwa mkia kutoka kichakani, akaanza kumtoa miiba huku akingoja kufukuzwa. Mzee Kidevu akashuka taratibu, mgongo ukimwasha, akaketi mbele yake.

"Bi Mashavu," akasema, "na chatu unamwigaje?"

Akamwonyesha. Akarudia mara tatu mpaka mzee akaweza, na aliiga vibaya mno, lakini hakuna aliyethubutu kucheka ila Kidoti. Jioni ile wakakubaliana: anayeona ndiye alie, papo hapo, na kilio kimtaje adui ili kila mmoja ajue pa kukimbilia. Watoto wafundishwe wakati wa chawa, kama umbea unavyofundishwa.

Na tangu siku hiyo tumbili ana vilio vitatu. Akibweka cha chui, wote mtini; akikohoa cha tai, wote kichakani; akigonga ulimi cha chatu, wote husimama kwa miguu miwili wakachungulia nyasi. Mara nyingine mtoto hukohoa cha tai kumbe kaona njiwa. Hachapwi. Mama yake huinua macho kwanza: akiona njiwa, halirudii neno hilo, akimwona tai kweli, hukohoa naye.

Kwa hiyo ukiwakuta tumbili wawili wameketi wakichambuana, usidhani wanatafuta chawa tu.